Herufi A Imefutika

Jumapili, baada ya alasiri,
tunakutana kwangu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu.
Si kikoba, si karata.
Tunakuja kusimuliana meza zetu.

Singano huanza, na huanza kwa kukataa.
Hataki picha, hataki madirisha, kipanya amekigawa.
Kioo cheusi, maandishi ya kijani,
amri moja mstari mmoja,
kama alivyokuwa akiandika tiketi stesheni
enzi hizo treni ikifika.
"Mashine uiambie," asema, "usiioneshe kwa kidole."
Kwake hakuna hata kiti cha mgeni.

Mwanahawa Shekalaghe, mwalimu wa jiografia,
kila alichokiandika kiko juu juu, usoni pa kioo,
kimebanana kama vyombo baada ya hitima.
Nyuma yake kuna picha ya paka.
Barua ya mkopo iko kwenye sikio la kushoto,
matokeo ya kidato cha pili yako mkiani.
Siku moja mwanawe alimpangia vizuri, kwenye mafaili.
Wiki nzima mwalimu hakuona kitu.

Mbelwa ana vioo vitatu,
alivipata mnadani, kampuni ya mkonge ilipofunga ofisi.
Kimoja kina ukijani, kimoja kina ubuluu,
cha kati kina ufa.
Ukurasa ukivuka kutoka huku kwenda kule
unabadili nguo njiani.
Tulimwambia vinaweza kurekebishwa.
Akasema anajua.

Yangu ilikuwa nyeupe.
Sasa ina rangi ya samli,
na chumvi ya hewa ya hapa imekula skrubu
hadi nazifungua kwa mafuta ya nazi na dua.
Feni inakoroma.
Mwantumu, mke wangu, asema wakoromaji wawili
nyumba moja ni wengi, achague mmoja,
na bado hajanitajia nani.
Jioni huifunika kwa kitambaa cha kufuma,
kilekile kilichofunika redio ya baba yake.

Diski nimebadili mara mbili.
Sanduku la umeme mara tatu.
Ubao mama ulikufa mwaka wa mafuriko.
"Basi kilichobaki cha siku ile ulipoinunua ni nini?"
Mbelwa aliuliza, akimenya chungwa.

Kibodi.

Wakainama wote kuitazama.
A haipo. Pale pake pamekuwa laini, panang'aa
kama kizingiti cha mlango wa nyumba yenye watoto wengi.
I inafifia, K imebaki mguu mmoja.
Lakini Q! Q ni mwari, haijatoka ndani.
Na X niliigusa mara moja, kwa bahati mbaya.
Ni lugha iliyoila, si mimi.
Tanga inakula A mbili,
maharage tatu, makaratasi nne,
na mimi miaka kumi na tisa naandikia watu
makaratasi ya viwanja, ya mirathi, ya posa.
Singano akapitisha kidole pale, taratibu,
akanyamaza. Singano!

Hapo umeme ukakatika.
Betri ya akiba ikalia kama kifaranga kilichoachwa,
pii, pii,
nikahifadhi barua ya mtu, nikazima.
Hakuna aliyeondoka.
Gizani tukaendelea kubishana kuhusu kibodi ngumu na laini,
na nilisikia vidole vya Mwanahawa
vikichapa juu ya mbao ya meza
neno ambalo hatukumwuliza.

Asubuhi Mwantumu kachukua rangi yake ya kucha,
nyekundu, ya Idi,
kaniandikia A pale palipokuwa wazi.
Ina mkono wake, imelalia upande.
Nimemshukuru. Sijamwambia
kwamba kidole kilikuwa kinaijua njia bila taa.
Tangu leo kikifika pale kinasita kidogo,
kama mtu aliyerudi safari
akakuta mlango wa kwao umepakwa rangi.